Sinia Moja, Birika Moja

Mtaani kwetu Waberi mtu hali peke yake. Pita mitaa yetu baada ya swala ya Adhuhuri, jua la Garissa likiwa limesimama utosini, na karibu kila ua utakuta sinia la wali juu ya mkeka na mikono imelizunguka. Wanaume wana sinia lao, wanawake na watoto lao. Nyama ya mbuzi au ya ngamia imepangwa juu, ndizi mbivu ziko pembeni za kuliwa pamoja na wali, na anayetokea bila kutarajiwa husogezewa nafasi akaketi. Naanza na sinia kwa sababu ushauri mwingi wa lishe unaotufikia, uwe wa redioni au wa karatasi iliyobandikwa ukutani kliniki, umetungiwa mtu mwenye sahani yake: nusu ya sahani mboga, robo wanga, robo nyama au maharagwe. Ni ushauri mzuri. Ila kwetu sahani hiyo haipo, na miaka ya kuishi na ugonjwa wa baba yangu imenionyesha kwamba hapa mtu mmoja hawezi kubadilisha anachokula mpaka nyumba nzima ibadilishe.

Baba alizaliwa porini upande wa Lagdera, na ujana wake wote aliutumia nyuma ya ngamia. Alituhadithia namna walivyotoka kabla ya jua kuchomoza, wakafuata malisho mpaka magharibi, na usiku wakalala kwa maziwa tu. Maziwa ya ngamia, mabichi au yaliyochachushwa, ndiyo yaliyokuwa chakula. Nyama ilikuwa ya sherehe, ya mgeni mkubwa, au ya mnyama aliyevunjika mguu. Iliyobaki ilikatwa vipande vidogo, ikakaangwa mpaka ikakauka, ikahifadhiwa ndani ya samli, nayo ndiyo nyirinyiri ambayo hadi leo bibi harusi wa Kisomali hana heshima kamili bila hiyo. Sukari na majani ya chai vilikuwepo, lakini vilisafiri mgongoni mwa ngamia na vilitumiwa kwa kubana. Ukame wa 1984 ulipoimaliza mifugo, yeye na wengi wa rika lake wakahamia mjini. Akawa dalali katika soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya masoko makubwa kabisa ya mifugo Afrika Mashariki.

Mjini miguu ikapumzika, maziwa yakapungua, sukari ikaongezeka, na hakuna aliyeketi akaamua iwe hivyo. Mtu aliyekuwa akitembea mchana kutwa sasa yuko chini ya mwarobaini akisubiri mnunuzi. Bei inapatanwa kwa vidole vilivyofichwa chini ya kitambaa, na yakishapatikana mapatano inaitishwa chai. Kutoka sokoni kwenda nyumbani ni bajaji. Nafasi ya mtama ikachukuliwa na mchele mweupe, unga wa ngano na tambi, ambazo jamaa zetu wa Somalia, ng'ambo ya mpaka, walizizoea tangu enzi za Waitaliano. Na tangu serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, sukari iliyopitia Kismayu ilijaa madukani kwa bei ambayo hata mtu wa kipato kidogo aliimudu.

Yaliyompata baba yamewapata wengi wa kaskazini mwa Kenya. Katika miaka ya 1990 watafiti Elliot Fratkin, Martha Nathan na Eric Roth waliwafuatilia Warendille wa Marsabit, wakalinganisha familia zilizokuwa bado zikihama na ngamia na zile zilizokwisha kutulia karibu na miji. Watoto wa wahamaji, waliokuwa wakinywa maziwa mengi zaidi, walionekana kuwa na lishe bora kuliko wenzao wa mijini, hasa nyakati za ukame. Simwambii mtu arudi porini. Mjini ndiko kwenye chanjo, shule na wodi ya wazazi, na mimi mwenyewe nisingekuwa mwalimu kama baba angeendelea kuhama. Lakini tulipokuja mjini tuliacha nyuma vitu viwili vilivyokuwa vikitulinda, mwendo na maziwa, na hatukutafuta vya kushika mahali pake.

Ugonjwa wa baba ulianza kwa kiu. Katika mji wetu joto la mwezi wa tatu hugonga nyuzi 37, kila mtu anatembea na chupa ya maji, basi nani atashuku kiu? Alikuwa akiamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, na hilo pia lilikuwa na maelezo yake: mzee amekunywa maji mengi. Alikonda, tukasema ni kazi. Ni rafiki yake wa sokoni, mzee aliyekuwa akiugua ugonjwa huo huo, aliyemwuliza kama miguu humchoma usiku na kama sisimizi hukusanyika anapojisaidia. Kesho yake akampeleka kupimwa. Damu iliyopimwa kabla ya kula ikifika 7 au zaidi kwenye mashine, hicho ni kisukari. Yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Na presha nayo ilikuwa juu. Ndiyo maana nawaambia wazazi wa wanafunzi wangu wasiiache kiu ipite hivi hivi kwa kusingizia joto. Kipimo ni tone moja la damu kwenye ncha ya kidole.

Daktari alimpa vidonge na maelekezo. Mama, aliyekuwa na bidii ya kumwokoa, akaanza kumpikia peke yake: mboga zilizochemshwa, nyama isiyo na mafuta, wali wa kiganja kimoja, kwenye sahani ya bati iliyofunikwa. Baba aliila kwa heshima ya mpishi. Halafu mchana mmoja, wanaume wakiwa wamezunguka sinia, aliinuka na sahani yake, akaimimina yote kwenye sinia, akaketi. "Mama watoto," alisema, "tangu lini nimekuwa mgeni katika nyumba yangu?" Akanyoosha mkono kwenye wali kama wengine. Hakuna aliyesema neno. Kwetu kula pembeni ni kula kwa mwenye ugonjwa wa kuambukiza au kwa mtu aliyekosana na watu, na baba hakuwa hata mmoja wa hao.

Mama hakubishana naye. Alilibadilisha sinia.

Nitaeleza alivyofanya kwa sababu ndilo jambo la maana zaidi ninaloweza kulieleza hapa. Adabu ya sinia ni kwamba kila mtu anakula kilicho mbele yake, asivuke kwenda mbele ya mwenzake. Zamani mama alikuwa akitandaza wali mpaka ukingoni na kuweka nyama katikati, hivyo kila mmoja alishiba wali kabla hajaifikia nyama. Sasa akageuza. Ukingoni akatandaza mchicha au kunde au sukuma wiki, zimekatwa nyembamba sana, zimekaangwa kwa kitunguu, nyanya na mafuta kidogo, na pembeni yake maharagwe yaliyoungwa. Wali akaukusanya katikati uwe kilima kidogo, na nyama akaigawa vipande sawa mbele ya kila mtu. Aliyetaka wali ilimbidi anyooshe mkono mpaka katikati, mbele ya macho ya wenzake. Hakumkataza mtu kitu. Baba alilitazama sinia siku ya kwanza akauliza, "Leo umetufanya mbuzi?" Kwa wazee wa Kisomali majani ni chakula cha mifugo, na neno hilo hulisikia kila mama anayejaribu kupika mboga huku kwetu. Mama akamjibu kwamba mbuzi hawaugui sukari. Wakacheka, wakala.

Kisha kuna birika. Chai yetu haitiwi sukari kikombeni, inachemshwa nayo: maji, majani, maziwa, hiliki, mdalasini, tangawizi na sukari, vyote kwenye moto mmoja. Nilikaa jikoni na mama tukapima. Kikombe chake cha bati kilichukua kama gramu 200 za sukari, na birika lile lilitoa vikombe kumi. Ni gramu 20 kila kikombe, karibu vijiko vitano vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu zote mtu anazopata kwa siku kutokana na chakula, na ni bora zaidi ikiwa chini ya gramu 25 hivi, yaani vijiko sita. Mtu mzima asiye na ugonjwa wowote, kwa vikombe viwili vya nyumbani kwetu kabla ya saa nne asubuhi, alikwisha kuupita mpaka huo wa gramu 25. Na bado hajaenda sokoni, hajanywa soda, ambayo chupa yake ya mililita 300 huwa na karibu gramu 30.

Mama hakutangaza lolote. Wiki ya kwanza alisawazisha sukari kwa kidole kwenye ukingo wa kikombe badala ya kuirundika. Baadaye akashusha mpaka alama ya kutu iliyokuwa ndani ya kikombe, kisha chini ya alama. Kila alipopunguza sukari aliongeza hiliki na mdalasini, na baba akawa anasifu kwamba chai ya siku hizi inanukia. Mwisho birika likawa halitiwi sukari kabisa, na kibakuli cha sukari kikaletwa pamoja na vikombe, kila mtu na kijiko chake. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kumpa mgeni chai isiyo na sukari ni kama kumwambia hukutarajia aje. Kibakuli kiliokoa heshima hiyo: mgeni anatia atakacho, mwenye sukari anapumzika, na watoto wanakua wakijua kwamba chai inaweza kunyweka bila utamu.

Chumvi tulishughulika nayo kidogo tu, kwa sababu mama hakuwahi kupika chumvi nyingi. Kazi ilikuwa kuacha vile vipande vya kuungia mchuzi vya dukani. Mafuta yakapungua kwa anjera kuliwa na maharagwe badala ya samli na sukari, na unga wake ukachanganywa na mtama. Ambulo, ile kunde nyekundu inayochemshwa usiku, ikaendelea kuliwa, ila bila sukari juu.

Watu hudhani mboga ni shida Garissa kwa kuwa wanatuona jangwani. Mto Tana uko pale pale, na kando yake kuna mashamba yanayomwagiliwa kwa pampu: ndizi, maembe, mapapai, matikiti, nyanya, pilipili hoho, mchicha. Asubuhi na mapema akina mama hushusha mafungu sokoni, na tikiti moja linatosha ua mzima. Tunachokosa ni mazoea. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba Wakenya wazima 94 katika kila 100 hawafikishi sehemu tano za matunda na mboga kwa siku, na kwamba zaidi ya robo ya watu wazima wana uzito uliozidi. Sisi watu wa nyama na wali hatuwezi kujitoa katika hesabu hiyo. Hata hivyo mto nao una siku zake. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya 2024 yalipofunika mashamba na kuikata barabara ya kwenda Madogo, fungu la sukuma lilipanda bei mpaka likawa la kuulizwa tu. Miezi ile tulikula maharagwe makavu mengi, na mama akatushauri tukaushe majani ya kunde mapema kabla ya mvua nyingine.

Kuhusu maziwa ya ngamia nina neno la kusema kwa msisitizo. Ni chakula bora. Yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe, na kwa watu walioishi bila matunda hilo halikuwa jambo dogo. Lakini mjini wapo wanaowaambia wagonjwa kwamba maziwa hayo yanaponya sukari, na wapo walioacha dawa kwa maneno hayo. Nimewazika baadhi yao. Kunywa maziwa, na vidonge meza. Tena yachemshe: maziwa mabichi huleta bruselosi, ile homa inayokwenda na kurudi na kuvunja viungo, na kuyachemsha kunaua vijidudu vyake.

Mwendo ulirudi kupitia msikitini. Baba na wazee wenzake, badala ya kukaa barazani baada ya swala ya Alfajiri, wakaanza kutembea kuelekea darajani, wakiongea habari za mvua na bei ya ng'ombe, na kurudi kabla jua halijawa kali. Hakuna aliyeita jambo hilo mazoezi. Neno hilo lingewafukuza. Wataalamu wanasema mtu mzima ajitahidi kufikisha angalau dakika 150 za mwendo wa kasi kidogo kwa wiki, na wazee wale walizifikisha bila saa mkononi. Katika jua letu hakuna wakati mwingine unaofaa. Kutembea saa nane mchana Garissa ni kujitafutia maradhi mengine.

Sisi wanawake ilituchukua muda. Mwanamke anayetembea bila kikapu wala mtoto anaulizwa anakwenda wapi. Tulianza majirani wachache, tukiwa na mabuibui yetu, tukipita barabara ile ile kila siku mpaka watu wakachoka kuuliza. Shangazi yangu, ambaye naye ana sukari, alikuja na ndala. Nilimrudisha avae viatu vya kufunika vidole. Mtu wa kisukari hupoteza hisia nyayoni, na mitaa yetu ya mchanga imejaa miiba ya miti ya mathenge. Mwiba usiohisiwa huwa kidonda, na kidonda kisichotibiwa huweza kufanya mguu ukatwe. Kila jioni anakaguliwa nyayo na mjukuu wake kwa tochi ya simu. Ningependa kuona jambo hilo katika kila nyumba yenye mgonjwa wa sukari.

Kulikuwa na wakati ambapo hata mwendo huo ulikatazwa. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kwa majuma kadhaa baadaye tulikuwa chini ya kafyu, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mji ulikuwa na huzuni isiyosemeka, na alfajiri ikawa ya askari peke yao. Wazee walitembea ndani ya ua, ukuta hadi ukuta, wakipishana na kuku. Kabla ya hapo nilidhani afya ni nidhamu ya mtu. Tangu hapo najua kwamba hata kutembea kunahitaji amani, na siwezi kumlaumu mtu aliyenenepa mahali ambapo nje kunaogopwa.

Shangazi alipofikia kuchomwa insulini, tulihangaika na joto. Hakuwa na friji, na umeme wenyewe hukatika. Aliiweka ndani ya chungu kilichozikwa nusu kwenye mchanga uliolowa, kikafunikwa kitambaa chenye maji, ujuzi wa kupoza maji alioupata kwa mama yake. Kwa hiyo nilifurahi sana mwaka 2021 uliposambaa utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, waliopima joto la ndani ya nyumba za wakimbizi wa Dagahaley, huko Dadaab, kaunti yetu hii hii, wakathibitisha kwamba chupa ya insulini iliyokwisha kufunguliwa inaweza kukaa kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne bila kupoteza nguvu. Kwa familia zisizo na friji hiyo ilikuwa habari ya uhai, na ilitoka kwetu.

Ramadhani ndiyo mtihani wa mwaka. Baba hakutaka kusikia kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Daktari wake alikuwa na busara: alipanga upya saa za dawa, akamfundisha dalili za sukari kushuka, na akamwambia wazi kwamba akitetemeka na kutoka jasho jingi, afungue hapo hapo, na imamu wetu akamwunga mkono. Futari nayo ilipunguzwa. Tende na maji kwanza, supu, kisha swala ya Magharibi, na chakula baadaye. Sambusa hazikuondoka, maana Ramadhani bila sambusa watoto wangelia, lakini ziliacha kuwa rundo. Daku ikawa ya ambulo na maziwa, vinavyokaa tumboni zaidi kuliko wali.

Baba yuko hai, anatembea, na mashine yake huonyesha namba ambazo daktari anazikubali siku nyingi, si zote. Mjadala wa mtaani sasa umehamia kwenye harusi. Kwenye aqdi ya ndoa ya karibuni hapa Waberi, baadhi ya akina mama waliomba wageni wapewe maji na tikiti kwanza, soda iletwe baada ya chakula, kwa anayeitaka. Wazee wawili walinung'unika kwamba huko ni kumwaibisha baba wa bibi harusi. Mama yake bibi harusi alikubali, kwa sharti kwamba meza ya wageni waliosafiri kutoka Wajir iachwe na soda zake kama kawaida. Mama yangu ameshaanza kuzungumza na familia nyingine yenye harusi mwezi ujao.